Mwalimu akiitwa uchungaji, je, aache chaki?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu. Anafundisha Kifaransa sekondari kwenye shule ya kanisa, ana miaka 34, ameoa, ana watoto watatu, na kwa miaka sita amekuwa mwinjilisti wa kapela, kanisa dogo chini ya parokia. Ameandika hivi: "Mzee mchungaji, Bwana asifiwe. Wazee wa parokia wanataka niende kusomea theolojia ili baadaye niwekewe mikono. Naogopa kuacha ualimu, kwa sababu ndio unaolisha nyumba. Wengine wananiambia mchungaji wa kweli hachanganyi mimbari na shule, tena asijiingize katika mambo ya mtaa. Njia yenyewe ikoje? Na mtu mmoja anaweza kubeba hayo yote?"

Mwalimu, mwana wangu, asifiwe milele. Nimekaa na barua yako siku nne kabla ya kushika kalamu. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, nusu yake nikiwa mchungaji, na leo ninawafundisha wale wanaojiandaa kwa kazi hiyo. Nakujibu kwanza kwa kifupi: usiache chaki mwaka huu, na huenda usihitaji kuiacha kabisa. Shule, mimbari na mtaa vinabebeka na mtu mmoja. Wenzangu walioanguka niliwaona wakiangushwa na kuchanganya mifuko, kuchanganya siri na kuchanganya mamlaka. Kila kazi iwe na daftari lake. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza, na nitalieleza polepole.

Wanaokuambia mchungaji asiguse shule wamesahau neno "mwalimu" lilivyofika makanisani mwetu. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walipoingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwalimu wa kijiji alikuwa mtu mmoja kwa kazi zote. Jumatatu hadi Ijumaa alifundisha watoto silabi, Jumapili aliongoza ibada, jioni aliwaandikia watu barua, na mgonjwa akizidiwa ndiye aliyetafuta wa kumbeba. Sababu moja ilikuwa pesa. Serikali ya kikoloni ilisaidia shule za misheni za Kikatoliki tangu miaka ya 1920, lakini shule za Kiprotestanti zilisubiri mpaka 1948. Miaka yote hiyo shule yetu ya kijijini iliishi kwa sadaka na mihogo ya waumini, na sadaka hiyo haikutosha kulisha watu wawili. Hata leo ukienda juu kule vijijini ukasema "nataka kumwona mwalimu," mzee atakuuliza kwanza: wa shule au wa kanisa?

Lakini usichukue historia hiyo kama ruhusa ya kufanya kila kitu kama zamani, kwa maana shule unayofundisha leo imesimama juu ya karatasi nyingine. Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizitaifisha shule zote. Mambo yalipoharibika, serikali ikawarudia wenye makanisa, na tarehe 26 Februari 1977 ukasainiwa mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia baadaye. Ndiyo maana tunasema "shule za konvansyone", yaani za mkataba. Serikali inapanga programu, inakagua na inalipa walimu. Kanisa linasimamia shule kila siku na kulinda maadili yake. Kwa hiyo wewe ukiingia darasani una wakubwa wawili, na watoto waliokaa mbele yako si wa kapela yako. Yuko Mkatoliki, yuko mtoto wa Imamu, yuko asiyesali popote. Mchungaji anayetumia saa ya Kifaransa kutafuta waumini anavunja mkataba huo, na wazazi wana haki ya kulalamika.

Sasa njia yenyewe. Kila jumuiya ya Eglise du Christ au Congo, mwavuli wa makanisa ya Kiprotestanti nchini, ina kanuni zake, iwe CEPAC, CELPA au CBCA, kwa hiyo omba nakala ya kanuni za ndani za jumuiya yako uzisome mwenyewe; usitosheke na kusimuliwa. Lakini mwendo unafanana. Mtu anaanza kama wewe, mwinjilisti wa kapela. Parokia inampendekeza kwa maandishi. Anasoma. Anarudi na kuwekwa chini ya mchungaji mzee kwa kipindi cha majaribio. Akionekana amekomaa, anawekewa mikono, na kutoka hapo anaweza kutumwa popote jumuiya inapomhitaji.

Kusoma kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni Shule ya Biblia, ya muda mfupi na mara nyingi kwa Kiswahili. Wa pili ni kitivo cha theolojia, kwa Kifaransa, na siku hizi chini ya mfumo wa LMD: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta. Goma kuna chuo kikuu cha ULPGL, kilichoanzishwa 1985, na hapa kwetu kuna cha UEA, cha mwaka 1991, vyote vya makanisa ya Kiprotestanti. Wewe una diploma na una Kifaransa, kwa hiyo wazee watakusukuma kwenye mlango wa pili, nami nakubaliana nao. Mji huu una vijana wengi waliosoma, na wanamwuliza mchungaji maswali mazito kuhusu vita, kuhusu uumbaji, kuhusu manabii wanaouza mafuta ya upako. Wanastahili mtu aliyejifunza kusoma andiko katika mazingira yake. Ila uliza mapema kama ratiba inaweza kupatana na shule inayofundisha mchana. Nimewaona waliosoma asubuhi na kufundisha mchana. Walikonda, lakini watoto wao hawakurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Jambo moja linasahauliwa mpaka linapouma, nalo ni namba yako ya matrikile, ile ya usajili wa mwalimu. Mshahara wako umefungwa kwenye shule uliyosajiliwa, katika orodha za SECOPE, ofisi ya serikali inayoandaa mishahara ya walimu, ambayo sasa inaitwa DINACOPE. Siku utakapotumwa parokia ya mbali, jumuiya itakuombea baraka. Namba haitakufuata yenyewe. Kabla hujakubali uhamisho, kaa na mratibu wa shule za kiprotestanti na mchungaji kiongozi kwenye meza moja, mwandike mtafanya nini: kuhamishiwa shule ya huko, kubadilishana na mwalimu mwingine, au kusimama kazi kwa muda kwa kibali kilichosainiwa. Neno la mdomo lisikutoshe, hata likitoka kwa mtu unayemheshimu. Namjua mwenzetu aliyeondoka kwa neno la mdomo, na miaka minane ya utumishi wake ikapotea kwenye orodha.

Nimesema mifuko isichanganywe. Hili nimelijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa prefe kijana, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari ya kanisa nje ya mji, na wakati huohuo mchungaji msaidizi. Wazazi walichanga pesa za mabati ya madarasa mawili. Pesa hizo nilizitia kwenye sanduku la ofisini kwangu, kando ya sadaka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kufuli. Mwezi wa saba tukapokea wageni wa mkutano wa wachungaji. Mchele ukaisha siku ya pili. Nikachukua pesa za mabati, nikijiambia tutazirudisha maharage yakivunwa. Maharage yakawa haba. Mwezi wa tisa mvua ikaanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakasomea ndani ya kanisa, na kwenye mkutano wa wazazi mama mmoja muuza sombe, majani ya mihogo, akasimama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mchungaji, pesa yangu ilikuwa ya Mungu au ya mabati?"

Nilikosa jibu. Sikuwa nimeiba faranga hata moja, lakini yule mama hakuwa na njia ya kulijua hilo, na aliyemnyima njia hiyo ni mimi. Nilirudisha pesa yote kutoka mshahara wangu kwa miezi kumi na minne. Mabati yakapigwa. Lakini ilichukua muda mrefu zaidi kabla watu hawajaacha kuhesabu sadaka kwa macho nilipokuwa nikiibeba.

Kwa hiyo shika hivi. Pesa ya shule ikae kwa mweka hazina wa shule, chini ya macho ya kamati ya wazazi na kamati ya usimamizi, ile COPA na COGES. Zimewekwa kwa ajili hiyo. Shule za msingi za serikali na za konvansyone zilitangazwa kuwa bure Septemba 2019, lakini ninyi wa sekondari bado mnapokea pesa za wazazi, na ndiyo maana hatari ni kubwa zaidi kwenu. Sadaka ikae kwa mweka hazina wa kanisa na mashemasi wanaoihesabu wakiwa wawili au zaidi. Mchango wa kilio, yaani msiba, ukae kwa yule aliyechaguliwa na familia. Wewe mchungaji usishike ufunguo wa sanduku lolote kati ya hayo. Saini, soma hesabu kwa sauti mbele ya watu, kisha urudishe daftari.

Jaribu hili limekua. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, watu wananiletea bahasha niwawekee, kwa kuwa wananiamini. Imani hiyo inanigusa sana, na bado nakataa. Ninawapeleka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaa, kile chenye sanduku la kufuli tatu na watu watatu wenye funguo tofauti. Usiku mmoja wa wezi ungetosha kunifanya mdeni wa watu arobaini, na nisingeweza kupanda tena mimbarini nikasema neno kuhusu uaminifu.

Kuhusu siri nitakupa mfano wa aina inayonijia mara kwa mara. Mwanafunzi wako anakuja kwako Jumamosi kama mchungaji, anakueleza kwamba aliiba karatasi ya mtihani. Jumatano unakaa kwenye kikao cha kujadili pointi, na yule prefe anauliza nani anajua karatasi ilivyotoka. Utafanya nini? Mimi namwambia kijana tangu mwanzo, kabla hajafungua kinywa: "Unaongea na mchungaji au na mwalimu? Chagua, kwa sababu masikio ni yaleyale." Akichagua mchungaji, sitamtaja kwenye kikao, ila nitakaa naye mpaka aende mwenyewe kwa prefe, na kwenye pointi zake nitaomba mwenzangu asahihishe badala yangu. Mpaka wa siri hiyo ni mmoja. Mtoto akikuambia kwamba mtu mzima anamdhuru, awe mwalimu, mjomba au mchungaji mwenzako, hakuna siri tena. Unampeleka mahali salama siku hiyohiyo, hospitali ikihitajika, na unaripoti. Usikubali wazee wakuambie mambo hayo yamalizwe ndani ya kanisa kwa mbuzi na msamaha. Katika mji huu, ambako Hospitali ya Panzi imekuwa ikipokea wanawake na wasichana walioumizwa tangu 1999, mchungaji anayeficha jambo hilo hana la kujitetea nalo.

Na kwa kuwa nimeitaja Panzi, fikiria baba yake Dkt. Denis Mukwege. Alikuwa mchungaji wa Kipentekoste hapa Bukavu, akiwatembelea wagonjwa nyumbani, na mtoto wake akifuatana naye. Siku moja baba aliombea mtoto mgonjwa sana, na yule mdogo akauliza kwa nini baba haongezi dawa. Akajibiwa kwamba baba si daktari. Mtoto akaamua atakuwa daktari, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mimi ninachokishika zaidi katika habari hiyo ni baba: alikwenda nyumbani kwa mgonjwa, tena alimchukua mtoto wake, na alipoulizwa alikubali mpaka wa kazi yake bila kuona haya. Mchungaji asiyetoka nje ya ua wa kanisa asingepata hata nafasi ya kuulizwa swali lile.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaokukataza mtaa. Umesema unakaa Kadutu. Unajua nyumba za mbao zilivyobanana pale, na moto ukishika moja unavyokula safu nzima kabla maji hayajafika. Asubuhi baada ya moto, mchungaji anayefaa yuko pale na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, wanaandika orodha ya walioungua, nyumba kwa nyumba, bila kuuliza nani anasali wapi. Wewe una mwandiko mzuri na una mazoea ya kuita majina. Kazi hiyo ni yako. Vivyo hivyo kwenye kilio: fika siku ya kwanza, keti chini na wanaume wanaokesha, usiwe mtu wa kufika siku ya maziko kuchukua kipaza sauti. Nimewafundisha vijana wenye Kigiriki safi ambao hawakujua wakae wapi kwenye kilio. Huko ndiko ninakowapeleka kwanza siku hizi, kabla ya somo la mahubiri.

Lililobaki ni mamlaka. Watu watakupa heshima kama mchungaji, na heshima hiyo itakuja na maombi: utangaze mgombea, umtetee mtoto wa mzee wa kanisa aliyefeli, useme neno dhidi ya kabila fulani kwa sababu wao walisema kwanza. Kwenye shule mpe kila mtoto pointi zake, awe wa kwaya yako au wa kwaya inayoshindana nayo. Kwenye siasa usikodishe mimbari kwa mtu yeyote. Lakini kuonewa kwa watu useme, na useme kwa jina.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa Mkatoliki, na sioni aibu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alizaliwa 1926, akapata upadre 1958, akaingia kwa Wajesuiti 1963. Mwaka 1971 Mobutu alipowalazimisha wanafunzi wa Kinshasa kuingia jeshini, yeye, aliyekuwa mlezi wao, aliomba aandikishwe pamoja nao. Aliongoza Wajesuiti, akawa askofu wa Kasongo, kisha akawekwa Bukavu 1994, mwaka uleule mji ulipojaa wakimbizi kutoka Rwanda. Alihubiri kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili ya wenyeji, alikemea wenye silaha wa kila upande, na tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa pale Nyawera, mahali unapopita kila siku. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alipelekwa uhamishoni Butembo Februari 2000 kwa sababu ya maneno yake, akarudi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule. Hakuna aliyeweza kusema maneno yao yalinunuliwa. Chunguza maisha yao utaona walikuwa wameanza kuwa pamoja na watu miaka mingi kabla ya siku ile ya kusema.

Chaki itakusaidia hata mimbarini. Mwalimu huandaa somo kwenye karatasi: lengo, maswali, mfano, na namna ya kujua kama wameelewa. Wachungaji wengi hawana mazoea hayo, na waumini wanatoka baada ya saa moja na nusu wakikumbuka jasho la mhubiri tu. Andaa mahubiri kama unavyoandaa somo la mwaka wa tatu. Kisha Jumatano, kwenye maombi ya kina mama, waulize walibaki na nini. Jibu lao litakufundisha kuliko pongezi za mlangoni. Jihadhari tu na kinyume chake: ukizoea mimbari, utaanza kuhubiri darasani, na mwanafunzi aliyekuja kujifunza vitenzi atarudi nyumbani bila vitenzi.

Katika barua yako yote hukumtaja mama watoto isipokuwa kusema umeoa. Siku utakapowekewa mikono, yeye ataitwa Mama Mchungaji, bila mshahara na bila kuulizwa. Wageni watalala kwake. Kina mama watataka awaongoze. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizotosha watu watano zitagawiwa watu tisa. Keti naye kabla ya kuwajibu wazee, umweleze kila kitu, hata habari ya namba ya matrikile na uwezekano wa kuhamishwa, na umwulize anataka kuendelea na kazi gani yake mwenyewe. Kama ana biashara yake sokoni, wazee waambiwe tangu sasa kwamba biashara hiyo itaendelea.

Basi waombe wazee mwaka huu mmoja wa shule. Ndani ya mwaka huo endelea na kapela, na uombe uwekwe chini ya mchungaji mzee kwenye vilio na kwa wagonjwa, ukiwa msikilizaji. Mkabidhi mtu mwingine daftari lolote la pesa ulilo nalo sasa hivi, mbele ya mashahidi, hesabu ikiwa imesomwa. Likizo kubwa ikifika mwezi wa saba, wewe na mama watoto mje nyumbani kwangu na nakala ya kanuni za jumuiya yako na barua ya parokia, tuone ratiba za vitivo pamoja.